Mafundi Wasiotajwa: Juu ya Magofu, Mahandaki na Vyuma vya Karagwe

Ukuta wa mawe uliosalia peke yake, wenyewe wakiwa wametoweka, huwafanya watu waulize: nani aliyeujenga? Swali hilo ni la haki. Lakini katika Afrika ya Mashariki lilijibiwa kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kushika jembe na kuchimba, na jibu aghalabu lilikuwa lile lile, kwamba aliyejenga alikuwa mgeni. Yafaa jibu hilo lichunguzwe, lilitoka wapi na limeleta matokeo gani. Na kwa kazi hiyo hapana mahali pafaapo kuliko Karagwe, nchi ya milima na malisho iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Karagwe na Kyerwa. Nchi hiyo haina magofu ya mawe kama yale ya visiwa vya pwani. Hata hivyo, huko ndiko ilikopata nguvu ile dhana iliyokuja kuamua, kwa muda wa miaka mia moja, nani apewe sifa ya kujenga na nani anyimwe.

Ili jambo hilo lieleweke, ni vema kuanza pwani, mahali ambapo mawe yapo na hoja yaonekana kwa macho. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani umesimama Msikiti Mkuu wenye kuba nyingi, na juu ya jabali linalotazama bahari yapo mabaki ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliufikia mji huo mwaka 1331 akausifu. Karne nyingi baadaye wageni wengine waliyaona magofu hayo yakiwa katikati ya vijiji vya wavuvi, wakastaajabu, wakasema kuwa haiwezekani wavuvi hao kuwa kizazi cha waliojenga. Ushahidi walikuwa nao tayari, maana habari za kale za Kilwa zasimulia kuwa Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikuja kwa jahazi, akakinunua kisiwa kwa mfalme wa bara kwa nguo zilizotosha kukizunguka kisiwa chote. Basi ikawa yakini kwao: mji ni wa Waajemi, na mwenyeji alikuwa mtazamaji tu.

Lakini habari zile zile za Kilwa zataja pia kuwa wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja amekwisha kaa. Maneno hayo yalipitwa haraka na wasomaji wengi. Neville Chittick alipochimba Kilwa mnamo miaka ya 1950 na 1960 alionyesha kuwa chini ya mji wa mawe upo mji mwingine ulio mkongwe zaidi, usio wa mawe. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo iliyofuatana, ya miti na ya udongo, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Maana yake ni kwamba jengo la mawe halikuletwa kwa jahazi likiwa zima. Lilikua mahali pale pale, hatua kwa hatua, kutoka mti hata udongo, na kutoka udongo hata matumbawe na chokaa. Mwaka 2023 wataalamu wa sayansi ya urithi walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji kadha ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Matokeo yake ni ya mafunzo: wengi wa marehemu hao walikuwa na asili mbili, ya Kiafrika iliyotoka zaidi upande wa wanawake, na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, iliyotoka zaidi upande wa wanaume, na mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000. Kwa hiyo kisa cha Shirazi si uongo. Ila mgeni wa kisa hicho alioa katika nyumba iliyokuwapo, na mji aliousitawisha ulikuwa na wenyewe.

Sasa na ilinganishwe Karagwe. Makao makuu ya wafalme wake yalikuwa Bweranyange, penye mlima unaotazama ziwa dogo. Ikulu ilijengwa kwa miti, matete na nyasi, nayo misonge yake ilikuwa mikubwa na imesukwa kwa ustadi. Lakini nyasi huoza na mti huliwa na mchwa. Hata kaburi la mfalme halikuwa la jiwe. Rumanyika, aliyetawala katikati ya karne ya 19, alimsimulia mgeni wake kuwa maiti ya baba yake, Ndagara, ilishonwa katika ngozi ya ng'ombe, ikawekwa katika mtumbwi ziwani, kisha ikapelekwa mlimani na kujengewa nyumba juu yake badala ya kufukiwa. Mtu afikaye Bweranyange akitafuta kuta za kupiga picha atarudi mikono mitupu. Lakini ufalme huo haukukosa kazi za mikono. Kazi zake zilikuwa za chuma.

Wasafiri walioingia katika nyumba ya hazina ya Rumanyika, Stanley akiwamo mwaka 1876, walikuta humo mikuki ya kifalme, fuawe na nyundo, sanamu za ndege, na sanamu za ng'ombe wenye pembe ndefu, vyote vimefuliwa kwa chuma, shaba nyekundu na shaba nyeupe. Vitu hivyo havikuwa mapambo. Katika nchi za Maziwa Makuu nyundo ilikuwa alama ya enzi, na mfalme alihesabiwa kuwa mhunzi wa taifa lake. Mapokeo ya Karagwe yamtaja Ndagara kuwa mfalme aliyejua uhunzi kwa mikono yake. Andrew Reid na Rachel MacLean, walioandika mwaka 1995 juu ya chuma cha Karagwe, wameonyesha jinsi kazi ya tanuri ilivyofungamana na mawazo ya uzazi na ya ufalme, hata isiwezekane kuitenga siasa ya nchi na moto wa mhunzi. Basi kama Kilwa iliandika historia yake kwa matumbawe, Karagwe iliiandika kwa chuma. Na chuma hicho kilichimbwa, kikayeyushwa na kufuliwa na watu wenye lugha na makao yanayojulikana.

Mgeni aliyesimuliwa habari za mazishi ya Ndagara alikuwa John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Karagwe mwezi wa Novemba mwaka 1861 pamoja na James Grant, katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Naili. Njiani walikuwa wamesumbuliwa sana na watawala waliodai hongo na kuwazuia. Rumanyika aliwapokea kwa upole, akawapa chakula, akazungumza nao kwa akili na kuwauliza maswali ya maana. Speke aliona furaha isiyo kifani. Na katika furaha hiyo alitafuta sababu: kwa nini mfalme huyu ni mstaarabu kiasi hiki? Angeweza kusema kuwa Karagwe ilikuwa nchi yenye utaratibu wa zamani. Kwamba wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu. Kwamba Musa Mzuri, tajiri wa Kazeh, alikuwa amemsaidia Rumanyika katika vita vya kugombea kiti na ndugu yake, hata mfalme akawa na sababu njema ya kuwapenda wageni watokao upande huo. Sababu hizo zote zilikuwa mbele ya macho yake. Yeye alichagua sababu ya damu.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863, Speke aliweka sura nzima juu ya historia ya Wahuma, akadai kuwa watawala wa nchi hizi walitoka Uhabeshi, kwamba ni ndugu wa Wagala (ndio Waoromo wa leo), na kwamba walileta ufalme na ng'ombe kwa watu waliokuwa hawana kimoja wala kingine. Yeye mwenyewe asema kuwa maneno hayo ni dhana yake. Tena asimulia jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia apaswa kulizingatia. Akiwa mbele ya Rumanyika alichukua Biblia, akaanza tangu Adamu, akamweleza mfalme asili ya ukoo wake mwenyewe. Yaani mtafiti hakuja kuuliza tu, alikuja pia kufundisha. Na mtu wa pili ambaye angekuja kuuliza baada yake angeweza kusikia katika ikulu ile ile mwangwi wa maneno ya Speke, akadhani amesikia mapokeo ya kale.

Dhana hiyo haikubaki Karagwe. Ilichukuliwa na wamisionari, maofisa na maprofesa, ikapewa jina la nadharia ya Wahamiti. C. G. Seligman, katika kitabu chake juu ya mataifa ya Afrika kilichotoka mwaka 1930, aliifanya kuwa kanuni ya bara zima: palipo na ustaarabu, hapo Mhamiti amepita. Kusini ya mto Zambezi kanuni kama hiyo ilikuwa imekwisha tumika. Mjerumani Karl Mauch alipoona kuta za Zimbabwe Kuu mwaka 1871 alimkumbuka Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver alipochimba mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wote wawili walisema wazi kuwa kazi ile ni ya Waafrika wenyewe. Lakini walowezi hawakupendezwa na jibu hilo, maana aliyejenga ndiye mwenye nchi.

Katika jirani ya Karagwe yenyewe, jambo lililoleta ubishi mwingi ni mahandaki ya Bigo, kusini ya mto Katonga, nchini Uganda. Hayo ni mafereji makubwa yaliyochimbwa ardhini na hata katika mwamba. Urefu wake wote wapita kilomita 10, na mahali pengine kina chake chafikia meta 4 hivi. Wenyeji wayaita Bigo bya Mugenyi. Mugenyi ni jina la mmoja wa Wachwezi, watawala wa ajabu wa hadithi. Na neno hilo hilo lina maana ya mgeni. Mtu aliyekwisha amini nadharia ya Wahamiti angeona kuwa jina lenyewe lamaliza shauri: ngome za mgeni.

Jembe la wachimbuzi halikukubali upesi hivyo. Peter Shinnie alichimba Bigo mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960. Ilionekana kuwa mahandaki ni ya mnamo karne ya 14 hata ya 16, na vyungu vilivyomo ni vya mtindo wa nchi ile ile. Kisha palichunguzwa Ntusi, si mbali na hapo, penye vilima vikubwa vya taka vya watu walioishi tangu karne ya 11 hivi. Humo imo mifupa mingi ya ng'ombe. Lakini pia zimo dalili za nafaka iliyolimwa na kusagwa. Mfugaji na mkulima, ambao nadharia iliwaweka katika mataifa mawili yaliyotofautiana damu na karne ya kuja, wameonekana katika jaa moja. Hapana tabaka la udongo linaloonyesha taifa geni likija na kila kitu chake mara moja. Kinachoonekana ni watu wa nchi wakizidisha mifugo, wakikusanyika, wakipata wakubwa, na wakubwa hao wakipata nguvu ya kuwaita watu mamia kwa mamia wachimbe ardhi.

Je, mapokeo ya wazee yatupwe? La, hasha. Kosa hilo lingekuwa kubwa sawa na lile la kwanza. Wanachuoni walishindana sana juu ya Wachwezi. Roland Oliver aliandika mwaka 1953 akiwatafuta katika historia kama watu waliotawala kweli; Christopher Wrigley akajibu mwaka 1958 kuwa Wachwezi ni miungu, na kwamba kuwatafutia tarehe ni kama kutafuta tarehe za miungu wa Wayunani. Pengine kila mmoja alishika upande wa kweli. Mapokeo hayakutungwa ili yawe kalenda. Hueleza kwa nini mtu huyu atawala, kwa nini mahali hapa paheshimiwe. Na katika kueleza hivyo huweza kuhifadhi jambo la kale kuliko hata wasimuliaji wanavyojua.

Mfano mkubwa wa jambo hilo uko katika mkoa huo huo wa Kagera, mahali paitwapo Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa Kihaya walisimulia kuwa Mfalme Rugomora Mahe aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni, na mahali penyewe pakaitwa Kaiija, yaani penye kiwanda cha mhunzi. Mwanachuoni mwenye haraka angeicheka hadithi hiyo. Peter Schmidt, kuanzia mwaka 1969, hakucheka. Alikaa akawasikiliza wazee, kisha akachimba pale pale walipoonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ambayo kwa vipimo vya mkaa yarudi nyuma karibu miaka elfu mbili na zaidi. Baadaye wahunzi wazee wa Kihaya walijenga tanuri kwa desturi yao wenyewe wakayeyusha chuma mbele ya watafiti. Na Schmidt pamoja na Donald Avery wakatoa habari ya ufundi huo katika jarida la Science mwaka 1978. Hapakuhitajiwa Mhabeshi wala Mfoinike. Chuma kiliyeyushwa magharibi ya Ziwa Viktoria zamani sana kabla ya Wahinda, na kumbukumbu ya mahali pake ilishikwa na watu wasioandika.

Kwa nuru hiyo yaweza kusomwa upya hadithi ya mwanzo wa ufalme wa Karagwe. Yasemwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Nono, wa ukoo wa Basita. Kisha akaja Ruhinda, mwana wa Wamara Mchwezi, pamoja na ng'ombe wake. Akapokewa, na hatimaye akautwaa utawala, na kizazi chake, Wahinda, kikatawala Karagwe, Nkore, Ihangiro na nchi nyingine jirani. Israel Katoke, aliyeandika historia ya ufalme huo mwaka 1975, ameyapima mapokeo hayo kwa uangalifu. Mtu atasema: huyu Ruhinda naye ni mgeni, basi Speke alisema kweli. Lakini na itazamwe vizuri hadithi yasema mgeni wa namna gani. Ruhinda hakutoka ng'ambo ya bahari wala Uhabeshi. Alitoka jirani kaskazini, katika nchi ambazo lugha yake na Kinyambo zaelewana hata leo. Alikuta mfalme, hakukuta pori. Na hadithi haikumficha Nono. Imemtaja kwa jina na kwa ukoo, vizazi vyote hivi, katika nchi iliyotawaliwa na watoto wa aliyempindua. Mapokeo ya Karagwe yana haki zaidi kuliko kitabu cha mwaka 1863, kwa kuwa yamkumbuka mwenyeji.

Huenda msomaji akaona haya yote kuwa ugomvi wa wanachuoni juu ya vigae na mifupa. Sivyo. Mto Kagera, unaozunguka Karagwe na Kyerwa na kuzitenga na Rwanda, hupokea maji ya Nyabarongo. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akawaambia wasikilizaji kuwa Watutsi kwao ni Uhabeshi, na kwamba watarudishwa kwa njia ya Nyabarongo, ili wafike upesi. Kuanzia Aprili hata Julai mwaka 1994 watu zaidi ya 800,000 waliuawa katika nchi hiyo, na maiti zilichukuliwa na Kagera, zikapita mipakani mwa Karagwe, zikaingia katika Ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 Aprili ya mwaka huo wakimbizi kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Na Karagwe nayo ikapokea wengi katika makambi yake. Si haki kusema kuwa Speke aliua. Kuua kulikuwa na sababu nyingi za siasa, za ardhi na za utawala wa kikoloni uliowagawa watu kwa vitambulisho. Lakini ile Uhabeshi iliyotajwa Kabaya ilikuwa ni ile ile iliyotajwa Bweranyange mwaka 1861, Biblia ikiwa mkononi. Dhana juu ya nani aliyejenga iligeuka kuwa hukumu juu ya nani mwenye haki ya kuishi.

Kwa hiyo mwanafunzi aendeaye magofu, yawe ya kisiwani au ya mlimani, ana wajibu wa namna tatu. Kwanza, aulize chini ya jengo kuna nini, kabla ya kuuliza nani alikuja kutoka mbali. Maana Kilwa, Shanga na Ntusi zote zimejibu kuwa chini ya ukubwa upo udogo ulioukuza. Pili, asikilize hadithi ya wenyeji mpaka mwisho, asichague sentensi moja inayotaja mgeni na kuziacha kumi zinazotaja mwenyeji. Tatu, aangalie kazi yenyewe ilifanywaje. Handaki la meta 4 lina wachimbaji waliolishwa na mtu fulani kwa nafaka iliyolimwa mahali fulani. Ng'ombe wa chuma ana mhunzi, mhunzi ana mkaa, mkaa una mkata miti, na mawe ya chuma yana aliyeyabeba kichwani kutoka mlimani.

Habari za hao hazikuandikwa na Speke wala Stanley, nao si wafalme hata watajwe katika nasaba. Lakini mavi ya chuma waliyoyatupa yangali katika udongo wa Karagwe, na majina ya vyombo vyao yangali katika Kinyambo. Mwanafunzi aijuaye lugha hiyo, atakayekwenda Bweranyange na Kyerwa na kuyakusanya majina ya tanuri, ya mivuo na ya aina za mawe, koo kwa koo, kabla wazee wayajuao hawajafariki, ataongeza elimu ambayo haikupatikana katika miaka mia moja ya kubahatisha.